Kompyuta ikisoma faili la mgonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima ubora wa huduma za afya ya akili

Kazi yangu ya kila siku ni kusoma maelezo ambayo madaktari na wauguzi wa afya ya akili wameyaandika kwenye mafaili, na kuifundisha kompyuta kuyasoma pamoja nami. Maswali haya nimeulizwa na wauguzi wa zamu, madaktari, maafisa takwimu, na ndugu wa wagonjwa waliotaka kujua faili la mtu wao linasomwa na nani. Sentensi za faili nilizozitolea mfano nimezitunga mwenyewe. Hakuna hata moja ya mgonjwa wa kweli.

Kwani ubora wa huduma haupimwi tayari?

Unapimwa, ila kwa vile vinavyohesabika kirahisi: wangapi walilazwa, walikaa siku ngapi, wangapi walirudi kliniki. Marekani, kwa mfano, mipango ya bima hupimwa kwa kuangalia kama mgonjwa aliyetoka wodi ya akili alionwa tena ndani ya siku 7, na ndani ya siku 30. Ni kipimo kizuri. Kinakuambia mgonjwa alionwa. Hakikuambii alipoonwa aliulizwa nini.

Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut ambaye makala yake ya 1966 ndiyo watu wa ubora wa huduma huanzia, aligawa jambo hili mara tatu: vilivyopo, yaani majengo, watumishi na vifaa, kinachofanyika kwa mgonjwa, na mgonjwa anavyotoka. Kwenye kisukari, hiyo sehemu ya tatu ina namba ya maabara. Kwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili ambao mgonjwa huweza kusikia sauti zisizokuwepo, haina. Nafuu ya mgonjwa imeandikwa na muuguzi wa usiku kwa sentensi kama hii: "Leo amekaa mezani na wenzake, amemaliza chakula, ameuliza mwanawe anaendeleaje shuleni." Fomu haina kisanduku cha kuweka tiki kwa sentensi hiyo. Ukihesabu visanduku peke yake, siku hiyo haikutokea kitu.

Dodoso kama PHQ-9, lenye maswali 9 na alama za 0 hadi 27, linasaidia sana kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na toleo lake la Kiswahili limeshapimwa Kenya. Lijazwe kila linapowezekana. Lakini halijazwi kila mahudhurio, na mtu aliyezidiwa hawezi kulijaza. Maelezo ya faili huandikwa hata siku hiyo.

Kompyuta inafanya nini hasa inaposoma?

Taaluma yenyewe inaitwa uchakataji wa lugha asilia. Kwa lugha ya kazini: kompyuta inapewa swali moja dogo na rundo la sentensi, na kwa kila sentensi inajibu ndiyo au hapana. Je, sentensi hii inasema mgonjwa anasikia sauti?

Kutafuta neno "sauti" peke yake hakutoshi. Angalia hizi nne:

"Anasikia sauti zinazomwamrisha."
"Hasikii sauti tena tangu wiki iliyopita."
"Marehemu mama yake naye alikuwa akisikia sauti."
"Anaongea kwa sauti ya chini."

Neno lipo kote, dalili ya leo ya mgonjwa huyu ipo kwenye moja tu. Kwa hiyo programu lazima iamue mambo matatu kila mara: jambo limethibitishwa au limekanushwa, ni la nani, na ni la lini. Mwaka 2001 Wendy Chapman na wenzake wa Pittsburgh walitoa NegEx, kanuni fupi inayotafuta maneno ya kukanusha jirani na dalili. Ni rahisi kiasi cha kushangaza, na bado inatumika. Baadaye zikaja programu zinazojifunza kutokana na mifano iliyowekwa alama na watu, na tangu Google walipotoa mfumo wa lugha uitwao BERT mwaka 2018 zikaja zile zinazolipima neno kwa kuangalia maneno yote yanayolizunguka.

Imeshafanyika wapi kwa kweli, si kwa majaribio ya darasani?

Mahali ninapopaelekeza watu kwanza ni kusini mwa London. South London and Maudsley ni taasisi ya huduma za afya ya akili ya umma inayohudumia maeneo ya Lambeth, Southwark, Lewisham na Croydon, watu zaidi ya milioni moja. Ndani yake imo Bethlem, hospitali iliyoanzishwa 1247. Mafaili yao yaliingia kwenye kompyuta mapema, na mwaka 2008 wao na King's College London wakaanzisha mfumo wa kuyatafiti baada ya kuyafuta majina, unaoitwa CRIS. Kufikia 2016 ulikuwa na kumbukumbu za watu zaidi ya 250,000. Kwa kusoma maandishi walitumia GATE, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield.

Napapenda kwa sababu moja: wamekuwa wakitangaza programu zao zinakosea wapi. Mwaka 2017 walitoa kazi ya kutambua dalili 50 za magonjwa makali ya akili kwenye muhtasari unaoandikwa mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodini. Dalili 46 zilisomeka vizuri. Nne hazikusomeka, nao wakaandika hivyo na kuziacha.

Nipe mfano mmoja wa kipimo cha ubora, mwanzo hadi mwisho.

Nakupa ninaoupenda kuliko yote.

Mwongozo wa taifa wa Uingereza, unaotolewa na taasisi iitwayo NICE, unasema mtu mwenye skizofrenia apewe tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, maarufu kwa ufupisho wa CBT, ana kwa ana na mtaalamu, kwa vikao visivyopungua 16. Swali la ubora linajileta lenyewe: wangapi wameipata?

Mfumo una sehemu ya kuchagua aina ya kikao. Mtaalamu akishatoka kwenye kikao, akimaliza kuandika ukurasa mzima wa kilichozungumzwa, mara nyingi sehemu hiyo anaipita. Huduma imetolewa, hesabu inasema haikutolewa. Ndiyo maana timu ya London ilitengeneza programu ya kutafuta vikao hivyo ndani ya maandishi, wakaitangaza mwaka 2017.

Sasa soma sentensi ambazo programu kama hiyo inakutana nazo:

"Tumezungumzia CBT, anasema atafikiria."
"Amepewa rufaa ya CBT, foleni ni ndefu."
"Kikao cha 4 cha CBT. Tumepitia daftari lake la wiki. Jumanne alipanda basi peke yake, ingawa aliamini abiria wanamsema."
"CBT: hakufika, hakupiga simu."
"Alipata CBT zamani hospitali nyingine, anasema haikumfaa."
"Amekataa CBT."

Kikao ni hiyo ya tatu tu. Programu nzuri inaichukua hiyo na kuziacha nyingine tano.

Lakini usizitupe hizo tano! Hapa ndipo maandishi yanaposhinda visanduku. Kwenye ripoti ya visanduku watu wote hao watano wameandikwa "hakupata". Kwenye maandishi, mmoja anafikiria, mmoja yuko kwenye foleni, mmoja hakufika, mmoja hakufaidika na jaribio la kwanza, mmoja amekataa. Aliye kwenye foleni anahitaji mtaalamu mwingine aajiriwe. Asiyefika anahitaji kupigiwa simu, pengine nauli. Aliyekataa anahitaji mtu akae naye amuulize kwa nini. Meneja anayeona "hakupata" mara tano hawezi kufanya lolote kati ya hayo.

Na kuna kitu programu haitakuambia kamwe: kama kikao cha 4 kilikuwa kizuri. Inajua kilifanyika. Ile habari ya basi la Jumanne inabaki kwa msomaji binadamu.

Ni nini kingine kinachoweza kupimwa?

Klozapini, kwa mfano. Ni dawa ambayo mwongozo unataka ifikiriwe pale dawa mbili za awali za skizofrenia zimetumiwa ipasavyo na hazikusaidia. Orodha ya dawa inaonyesha ilianzishwa lini. Haionyeshi kwa nini haikuanzishwa. Sababu iko kwenye maelezo: "anaogopa kutolewa damu kila wiki", "mke wake anasafiri, hakuna wa kumsimamia", au hakuna neno lolote kwa miaka miwili. Huko kunyamaza ndiko kunakonisumbua zaidi.

Afya ya mwili nayo. Utafiti wa 2011 kutoka mafaili hayohayo ya London ulionyesha kwamba wanaume wenye skizofrenia walitarajiwa kuishi miaka 14.6 pungufu ya wanaume wengine nchini humo. Si kujiua peke yake kunakoleta pengo hilo. Ni moyo, mapafu, sigara, kisukari. Basi kujua kama kuna mtu aliyemuuliza mgonjwa kuhusu sigara, na kama alimsaidia kuacha, ni kipimo cha uhai. Hali ya uvutaji huandikwa kwenye maelezo hata pale kisanduku chake kimeachwa wazi: "ametoka nje kuvuta mara sita asubuhi hii."

Kuna pia dalili zile za kuzimika: kujitenga, kutokuwa na hamu, uso usioonyesha hisia. Hazipigi kelele wodini, kwa hiyo hazina msimbo kwenye mfumo. Uchambuzi wa mafaili ya wagonjwa 7,678 wa skizofrenia uliotolewa 2015 ulikuta asilimia 41 wana dalili mbili au zaidi za aina hiyo, na waliokuwa nazo walikaa wodini muda mrefu zaidi. Hesabu hiyo isingepatikana bila kusoma sentensi.

Nitajuaje programu inasema kweli?

Kwa kusoma mwenyewe. Hakuna njia nyingine, na anayekuuzia programu bila hatua hii usimsikilize.

Watu wawili wenye uzoefu wa kliniki wanasoma mafaili yaleyale, kila mmoja peke yake, na kuweka alama. Wakitofautiana wanakaa pamoja na kuamua. Mara nyingi utakuta tatizo ni swali lenyewe: hamkukubaliana "kutathmini hatari" maana yake nini. Kama binadamu wawili hawaelewani, usitarajie mashine ielewe.

Kisha unailinganisha programu na wasomaji hao. Chukua mfano wa kubuni. Wasomaji wameona vikao 136. Programu imekamata sentensi 120, na kati yake 102 ni vikao kweli. Kwa hiyo katika ilivyokamata, asilimia 85 ni sahihi. Na katika vilivyokuwepo, imepata asilimia 75. Mvuvi anaelewa mara moja: wavu wenye macho madogo unaleta samaki wote pamoja na takataka, wenye macho makubwa unaleta wachache walio safi. Ukitafuta wagonjwa walio hatarini, vumilia takataka. Ukitaka kumhukumu mtu kazi yake, huna ruhusa ya kuwa na takataka.

Na upime upya unapohamia hospitali nyingine. Programu iliyofuzu mjini kwenye wodi ya watu wazima inaweza kushindwa kabisa kwenye kliniki ya watoto, kwa sababu wanaoandika huko wanatumia maneno mengine.

Kama halijaandikwa, halijafanyika?

Wanasheria na wakaguzi husema hivyo. Mimi sisemi. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini usiku, akikaa nusu saa na mama anayelia, halafu akaandika "amelala vizuri", amefanya kazi ambayo kompyuta haitaiona. Kipimo chetu ni cha kilichoandikwa. Kila ripoti ninayoitoa ina sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, kwa sababu kwenye kikao cha menejimenti husahaulika ndani ya dakika kumi.

Kinyume chake pia ni kweli, na kinaniumiza zaidi. Katika hospitali moja nisiyoitaja, idadi ya wagonjwa "waliotathminiwa hatari ya kujiua" ilipanda ghafla ndani ya mwezi mmoja. Tulifurahi. Nikafungua mafaili thelathini. Yote yalikuwa na sentensi moja, herufi kwa herufi: "Hatari imetathminiwa, hakuna hofu kwa sasa." Mtu alikuwa ameiweka kwenye kiolezo, inajitokeza yenyewe kila faili jipya linapofunguliwa. Katika faili moja kati ya yale thelathini, mistari mitatu chini, muuguzi alikuwa ameandika kwamba mgonjwa amegawa nguo zake kwa wenzake. Anayefanya kazi hii anajua maana ya mgonjwa kugawa nguo: huenda anaaga. Tulipiga simu wodini saa ileile.

Tangu siku hiyo sentensi inayojirudia herufi kwa herufi siihesabu kama ushahidi. Na zinajirudia mno. Uchambuzi wa maelezo zaidi ya milioni 100 kutoka mfumo mmoja wa hospitali za Pennsylvania, uliotolewa 2022, ulikuta nusu ya maandishi yote yamenakiliwa kutoka maelezo ya nyuma ya mgonjwa huyohuyo.

Je, mashine inabagua?

Inarithi. Utafiti uliotolewa 2022 kutoka kituo kimoja cha tiba mjini Chicago, uliosoma maelezo ya wagonjwa 18,459, ulikuta kwamba wagonjwa weusi walikuwa na uwezekano mara 2.54 zaidi ya weupe wa kuandikiwa angalau neno moja la kuwashusha: mbishi, mkali, hafuati maagizo. Programu ikijifunza kwenye mafaili hayo, itajifunza kwamba mtu wa namna fulani ni "mkali".

Huku kwetu uangalie ni nani ameandikiwa maelezo mafupi. Mgonjwa aliyeletwa na polisi usiku, asiye na ndugu, anayeongea lugha ambayo hakuna mtumishi anayeijua, faili lake lina mistari miwili. Kwa kompyuta anaonekana hana dalili. Usitoe wastani wa hospitali nzima kabla hujautenganisha kwa makundi.

Tunaweza kutumia matokeo kupanga hospitali, ya kwanza mpaka ya mwisho?

Hapana. Utakuwa unapanga waandishi.

Hii itafanya kazi kwenye Kiswahili?

Itafanya, ila si kwa kuhamisha programu ya Kiingereza kama ilivyo. Mafaili yetu mengi bado ni ya karatasi, na hata yaliyo kwenye kompyuta huandikwa kwa Kiingereza cha mkato, huku maneno ya mgonjwa yakiwekwa kwa Kiswahili ndani ya alama za kunukuu. Na maneno hayo ya mgonjwa ndiyo yenye thamani kuliko yote.

Tuanze na ukanushi. Kanuni ya aina ya NegEx inatafuta neno linalosimama peke yake karibu na dalili. Kiswahili kinakanusha ndani ya kitenzi: anasikia, hasikii, hajawahi kusikia, asiyesikia. Lazima programu ikifungue kitenzi chenyewe. Halafu kuna "Hakuna siku asiyosikia sauti", yenye ukanushi mara mbili, na mtu huyo anasikia kila siku.

Sasa soma maelezo haya mafupi: "Hali, halali, hali yake si nzuri." Kwako ni wazi: hataki chakula, hapati usingizi, na anaendelea vibaya. Kwa kompyuta, "hali" ya kwanza na ya pili ni neno moja, na "halali" ni kinyume cha haramu. Hizo ni dalili mbili kubwa za sonona, kutokula na kutolala, na zote zinapotea mbele ya macho yako. Niliziona zikipotea kwa wiki kadhaa kabla sijaelewa kwa nini wagonjwa wetu walionekana wana hamu ya kula.

Tofauti ya "mawazo ya kujiua" na "mawazo ya kujua" ni herufi moja. Kisahihishaji cha simu huimeza kwa furaha. Kwenye orodha yangu ya maneno ya hatari, "mawazo ya kujua" imo, na kila ikitokea inasomwa na mtu.

"Ana mawazo." Kila Mswahili anajua huyo mtu hayuko sawa. Ukiitafsiri kwa mashine kwenda Kiingereza kwanza, unapata mtu mwenye fikra, tena nzuri pengine. Hivyohivyo "roho haitulii", "moyo unamwenda mbio", "kichwa kimejaa", "amechoka na dunia". Orodha hizi hazitoki kwenye kamusi. Kaa kliniki, sikiliza, andika. Na ya Mombasa usiifanye ya Lubumbashi.

Kuna pia suala la nani ni nani, kwa sababu kiambishi "a-" hakichagui. "Ameletwa na kaka yake. Anasema amechoka kuishi." Nani amechoka? Kaka au mgonjwa? Hapo sioni aibu kuiacha programu ijibu "sijui" na kumrudishia binadamu.

Maneno ya kujiua mbona ni machache kwenye mafaili ya kwetu?

Sababu moja ni sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nako lilikuwa kosa mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Daktari mwenye huruma haandiki jambo ambalo linaweza kumpeleka mgonjwa wake kituoni. Anaandika "amekunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya". Na ndugu nao wanaomba aandike hivyo, kwa ajili ya heshima ya nyumba na ya mazishi kama ikifika huko.

Kwa hiyo ukikuta hospitali ambayo hakuna anayejaribu kujiua, usiipongeze. Soma sumu zote, kuanguka kote, na "bahati mbaya" zote, ukiwa na daktari anayejua mji huo.

Je, hizi akili mnemba mpya zinazoongea si zingemaliza yote haya?

Zinasaidia, hasa kwa sentensi ndefu zenye kupindapinda. Tatizo ni kwamba zinapokosea zinaandika kwa ufasaha uleule zinapopatia. Nimeona muhtasari uliosema mgonjwa "anaendelea na tiba ya mazungumzo" wakati faili zima lilikuwa na rufaa tu, hakuna kikao. Sharti langu ni moja: kila jibu lije na sentensi ya faili iliyolizaa, neno kwa neno, ili mtu aiangalie. Likija bila sentensi, halihesabiwi.

Na tafadhali, usinakili faili la mgonjwa kwenye huduma ya mazungumzo ya mtandaoni ili "ikusaidie kufupisha". Nakuomba kwa dhati. Ukishalibandika huko, halirudi.

Siri ya mgonjwa inalindwaje?

Kisheria, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Lazima pia upate kibali cha kamati ya maadili kabla hujafungua faili la kwanza.

Kiufundi, majina hufutwa kabla msomaji hajaona. London jina la mgonjwa hugeuzwa kuwa ZZZZZ popote lilipo. Jaribu hilo kwetu. Mgonjwa anaitwa Furaha, na daktari ameandika "Furaha amepoteza furaha." Unapata "ZZZZZ amepoteza ZZZZZ", na dalili kuu ya sonona imefutwa pamoja na jina. Fikiria Mawazo, Shida, Huruma, Tumaini, Subira. Majina yetu ni maneno, na mengine ni dalili. Ukifuta kwa herufi kubwa tu unaokoa kiasi, lakini wengi hawaweki herufi kubwa wakiandika haraka.

Na kufuta jina hakutoshi. "Mama Asha, mwalimu mkuu pekee wa kike kata hii, mumewe alizama na boti mwaka jana." Jina lake halisi halimo, na kijiji kizima kinamjua. Maelezo ya afya ya akili yamejaa visa kama hivyo kuliko ya tawi lolote la tiba, kwa sababu ugonjwa wenyewe husimuliwa kwa maisha. Kwa hiyo maandishi yabaki ndani ya jengo, kwenye mashine isiyo na intaneti, na kinachotoka nje kiwe namba tu.

Hospitali yetu ina karatasi na kompyuta mbili. Tuanzie wapi?

Anzeni bila programu. Chagueni swali moja ambalo jibu lake mtalifanyia kazi. La kuanzia zuri ni hili: mgonjwa anaporuhusiwa, je, imeandikwa popote kwamba ndugu ameelezwa dalili za kurudiwa na ugonjwa? Chukueni mafaili 100 kwa bahati nasibu, muuguzi mmoja na daktari mmoja wasome, kila mtu peke yake. Ni kazi ya wiki mbili za mchana. Mtapata asilimia yenu, mtapata maneno ambayo watumishi wenu hutumia kweli, na mtajua mnapotofautiana. Siku mafaili yakiingia kwenye kompyuta, hayo 100 ndiyo mtakayoipimia programu.

Matokeo wapeni wodi kwanza, kabla ya wizara. Mtu akikuta kazi yake imepimwa na kutangazwa kabla hajaambiwa, ataanza kuandika kwa ajili ya kipimo, na faili halitakuwa la mgonjwa tena.

Mgonjwa anaweza kukataa faili lake lisisomwe?

Kwenye mfumo wa kusini mwa London anaweza: akisema hataki, faili lake linatolewa, na huduma yake haibadiliki. Tena kila ombi la kutumia mafaili hupitia kwenye kamati inayoongozwa na mtu aliyewahi kuwa mgonjwa mwenyewe. Kwenye miradi ninayoshiriki tunabandika tangazo kwa Kiswahili chepesi kwenye ukuta wa kliniki, pale watu wanapokaa wakisubiri dawa, na muuguzi wa mapokezi analisoma kwa sauti kila asubuhi kwa wasiojua kusoma. Bibi mmoja alikataa. Akaulizwa kama anataka kueleza sababu, akasema yaliyomo mle alimwambia daktari, hakumwambia mtu mwingine. Faili lake lilitolewa siku hiyohiyo.